Kakontwe, Kitongoji cha Mawe ya Chokaa

Wataalamu wa miamba, katika Katanga na hata Zambia, hutaja "chokaa ya Kakontwe". Jina hilo limetoka hapa Likasi, mji ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966.

Tangu mwaka 1928 Union Minière ilianza kuwaweka wafanyakazi wake wa Katanga makambini pamoja na wake na watoto wao. Njia zikanyoshwa, nyumba zikapangwa safu kwa safu, na shule na zahanati zikapewa mahali pake. Lakini mama aliyepika humo hakuulizwa mti wa kivuli uachwe wapi. Kampuni ilipanga, kampuni ikasimamia usafi. Basi Gécamines, iliyoirithi kazi hiyo, ilipodhoofika katika miaka ya 1990, nani angefagia?

Huko Nairobi jibu lilipatikana katika mtaa wa Dandora, uliojengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Nyumba zake huzunguka nyua za pamoja, nazo zilikuwa zimejaa takataka. Katika miaka ya 2010 vijana wa papo hapo waliondoa taka, wakapanda miti, wakapaka kuta rangi. Nyua nyingine zikaingia mashindanoni nao. (Wivu wa namna hiyo, nadhani, hata padre hataukemea!)

Nasi wa Kakontwe, kabla vigingi vya viwanja havijapigwa katika uwazi uliobaki, tuulize kwanza: watoto hupita wapi kwenda shule, na akina mama hutua ndoo wapi? Hapo pasiuzwe.