Kibali Kikishatoka

Mimi ni afisa utumishi katika kiwanda cha plastiki hapa Kawempe, jijini Kampala, Uganda, kando ya Barabara ya Bombo. Tunatengeneza jerikeni, mabeseni na chupa. Wafanyakazi wetu wengi ni wenyeji wa Bwaise, Kazo na Mpererwe. Mashine za kupuliza chupa zinashughulikiwa na mafundi kutoka India, mhasibu ni Mkenya, na kwenye kufungasha wapo Wakongomani waliokimbia vita vya Kivu. Makaratasi ya wageni wote hao yako chini yangu.

Waajiri wengi ninaokutana nao huamini kwamba kibali cha kazi kikishatoka, wajibu wao umekwisha. Wanahangaika na barua, mkataba, vyeti vya fundi, hati ya polisi ya nchi anakotoka, ada ya dola, kisha wanapumua. Mimi naona wajibu wenyewe unaanzia hapo, na mwajiri akiuzembea, anayeumia kwanza si yeye. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza kumwajiri mtu unayejua kwamba yumo nchini kinyume cha sheria. Lakini maofisa wa Uhamiaji wakija kukagua, mwenye kiwanda ana wakili na ana nyumba yake. Fundi ana pasipoti tu, na tarehe iliyo ndani yake. Akikutwa tarehe imepita, yeye ndiye anayepandishwa gari, hata kama aliyesahau ni ofisi.

Ndiyo maana nina daftari. Kompyuta ipo, lakini daftari hukaa mezani wazi, kila anayeingia analiona. Kila mgeni ana mstari wake, na kwenye mstari huo kuna tarehe tatu: mwisho wa kibali, mwisho wa pasipoti, mwisho wa mkataba. Ni nadra zilingane. Fundi anaweza kuwa na kibali cha miaka miwili na pasipoti iliyobakiza miezi minane. Usipoliona hilo mapema, utajikuta unaomba vitu viwili kwa pamoja katika nchi mbili. Naanza kuhuisha miezi mitatu kabla. Maombi siku hizi hutumwa kwa mtandao, na picha moja ya cheti iliyopigwa vibaya inatosha kuyarudisha nyuma.

Jambo linalowaponyoka wengi ni kwamba kibali kimefungwa kwa mwajiri fulani na kazi fulani. Mkurugenzi wetu aliwahi kutaka fundi mmoja awe msimamizi wa uzalishaji kuanzia Jumatatu. Nilimwambia ngoja, tuwaandikie Uhamiaji kwanza.

“Si ni mtu yule yule?” akauliza.

“Mtu ni yule yule, bosi. Kazi siyo.”

Alinisikiliza. Wapo wasiosikiliza, na wapo wanaomwazima fundi kwa kiwanda cha jamaa yao ng'ambo ya barabara ya Bypass kwa wiki mbili, kana kwamba kibali ni cha ukoo mzima.

Mshahara nao. Mkataba uliopelekwa Uhamiaji unataja kiasi fulani. Orodha ya mishahara inayokwenda Mamlaka ya Mapato lazima itaje kiasi hicho hicho. Nimeombwa, na si mara moja, niandike mshahara mdogo hapa na sehemu nyingine ilipwe kimyakimya huko kwao fundi. Nakataa. Kodi ya mshahara na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hulipwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata; michango ni asilimia 10 kutoka kwa mwajiri, 5 kutoka kwa mfanyakazi. Tangu sheria ya NSSF ilipobadilishwa mwaka 2022, hata mwenye mfanyakazi mmoja anachangia. Ukipunguza mshahara kwenye karatasi, umempunguzia fundi akiba yake mwenyewe, na siku ya mgogoro hana ushahidi wa alichokuwa akilipwa.

Kuhusu pasipoti nina msimamo mkali. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, pasipoti za wageni zilifungiwa kwenye sefu ya mkurugenzi, ati kwa usalama. Niliona mtu akiomba ruhusa ya kushika pasipoti yake mwenyewe ili atume pesa nyumbani. Hapa nilipo, pasipoti ikija ofisini naipiga picha na inarudi mkononi mwa mwenyewe siku hiyo hiyo, naye anasaini kwamba ameipokea. Nampa pia nakala ya kibali na ya mkataba. Mtu asiyeshika karatasi zake hawezi kukataa kitu.

Si kila mgeni yuko katika hali moja. Mama mmoja wa Bukavu aliniletea kitambulisho chake cha ukimbizi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Alikuwa amekifunga kwenye kitambaa. “Mama, hii inaniruhusu kutumika?” Inamruhusu: Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa haki ya kuajiriwa. Alikuwa amefukuzwa sehemu mbili na watu ambao hawakujua hilo, au hawakutaka kujua. Mhasibu Mkenya naye ana njia yake: chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza Julai 2010, mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 anaomba kibali ndani ya siku 15 za kazi baada ya kusaini. Kuwa jirani hakumwondolei mwajiri kazi ya kuhesabu siku hizo.

Kisha kuna kuondoka, sehemu ambayo waajiri huikimbia. Sheria ya Ajira inasema mtu aliyechukuliwa zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao ana haki ya kurudishwa kwa gharama ya mwajiri mkataba wake ukiisha. Fundi wetu mzee zaidi alipomaliza, tiketi ilitoka kiwandani. Nilikwenda naye NSSF kujaza fomu za mafao ya anayehama nchi moja kwa moja, maana hakuwa amewahi kuambiwa kwamba pesa zile ni zake. Barua ya kuwaarifu Uhamiaji kwamba hayupo tena kwetu niliipeleka wiki hiyo hiyo.