Bega linalolia si lazima ulozi

Kwa familia zilizohama vijiji vyao, mkono ndio mtaji uliobaki: unabeba bidoni za maji, unapasua kuni. Bega likiuma, likikwama na kulia kama lina changarawe, jirani husema mtu amerogwa.

Kumbe kuna ugonjwa adimu ambapo utando wa ndani ya kiungo huzaa vipande vya gegedu, na vingine hugeuka mfupa. Si kansa, lakini vikiachwa huharibu kiungo. Kukanda hakuviondoi. Daktari hutoboa matundu madogo begani, huingiza kamera nyembamba na kuvitoa, bila kupasua bega lote. Vinaweza kurudi, hivyo mgonjwa hufuatiliwa.

Hatua ya kwanza ni kupimwa hospitalini na kupigwa picha ya eksirei, si kuchanjwa wembe.