Kabla Hujamtoa Mtoto Shuleni, Jua Cheti Atakipata Wapi

Hapa Texas, mzazi akiamua kumsomesha mwanawe nyumbani haombi kibali kwa mtu. Kama mtoto alikuwa ameandikishwa shule ya serikali, mzazi anaiandikia shule barua fupi ya kumwondoa, anaweka tarehe na sahihi, kazi inaanza. Kama hajawahi kuandikishwa, hata barua haihitajiki. Mwisho wa mwaka hakuna mtihani wa serikali wala mkaguzi wa kubisha hodi. Msingi wa uhuru huu ni kesi ya Leeper, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Texas mwaka 1994. Mahakama ilisema shule ya nyumbani ihesabiwe kuwa shule binafsi, ilimradi mzazi anafundisha kwa dhati na ana mtaala wenye kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema.

Wazazi wenzangu wa Tanzania wakisikia habari hizi, swali linalofuata nalijua: "Na sisi huku tunaweza?" Wanaouliza wana sababu za msingi. Kuna aliyelemewa na ada, kuna ambaye mtoto wake mdogo anaamshwa alfajiri kuwahi basi la shule na kurudi jioni akisinzia, na kuna mwenye mtoto mgonjwa au mzito wa kushika masomo ambaye darasa lililojaa haliwezi kumsubiri. Nawajibu wote kwa swali moja kabla hatujafika kwenye vitabu na ratiba: siku ya mwisho, cheti cha huyu mtoto atakitoa nani? Jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha huku na kule, na kila ushauri mwingine unalifuata.

Huku cheti anatoa mzazi

Texas, mzazi mwenyewe ndiye anayetoa cheti cha kumaliza sekondari. Sheria ya jimbo inavitaka vyuo vikuu vya umma vimpime mwombaji aliyesomea nyumbani kwa vigezo vile vile wanavyopimwa wengine. Mtoto anapeleka orodha ya masomo na alama iliyoandaliwa na mzazi, pamoja na matokeo ya mtihani wa kuombea chuo, SAT au ACT, pale chuo kinapoyataka. Wengine huanza kuchukua masomo kwenye chuo cha jamii wakiwa bado na umri wa sekondari, na alama hizo husema mengi kuliko sifa za mama au baba.

Kwa hiyo mzigo mkubwa wa mzazi wa Texas ni kumbukumbu. Nina daftari lenye safu nne: tarehe, kitabu na ukurasa, kilichoeleweka, kilichogoma. Kila mwezi ninaweka kwenye faili insha moja na karatasi moja ya hesabu ya kila mtoto, hata kama zina makosa. Jimbo halinidai karatasi hizi, lakini tukihamia jimbo lingine huenda tukazihitaji. Pennsylvania, kwa mfano, inataka mzazi awasilishe kiapo cha maandishi, atunze faili la kazi za mtoto na kulipeleka kwa mtathmini kila mwaka. Minnesota, walikojaa ndugu zetu wa Afrika Mashariki, inataka taarifa kwa mkuu wa elimu wa wilaya na mtihani kila mwaka. Marekani haina sheria moja ya jambo hili.

Ulaya nako kunatofautiana. Uingereza, sheria ya elimu ya 1996 inaruhusu mtoto asomeshwe nje ya shule, ila mitihani ya sekondari, GCSE, mzazi anajitafutia kituo na kulipia mwenyewe. Ujerumani na Sweden, kusomesha nyumbani kumezuiwa isipokuwa kwa sababu za pekee sana. Ndugu uliyeko Berlin au Stockholm, usiige ya Texas.

Nyumbani Tanzania cheti kinatoka Baraza la Mitihani

Tanzania, Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto akifikia miaka 7 aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie, na mzazi asiyetii anaweza kushtakiwa. Sera ya elimu, toleo la 2023, imeongeza muda wa elimu ya lazima kufikia miaka 10 ya masomo. Kenya nako, sheria ya elimu ya msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto yuko shuleni. Kwa mtoto wa umri wa elimu ya lazima, ushauri wangu ni abaki shuleni, na yale mazuri ya elimu ya nyumbani ayapate jioni, Jumamosi na wakati wa likizo.

Kwa kijana aliyekosa sekondari au aliyeishia njiani, mlango upo. Baraza la Mitihani la Tanzania lina Mtihani wa Maarifa, ule wa QT. Akifaulu, anaweza kujisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imekuwa ikiwasaidia watu wa namna hii tangu miaka ya sabini. Wazazi wenye uwezo hufuata mitaala ya nje na kumfanyisha mtoto mtihani wa kimataifa wa sekondari, IGCSE. Hao nawasihi wazungumze na kituo cha mtihani kabla ya kununua kitabu cha kwanza. Waulize kama kituo kinapokea mtahiniwa asiyesoma pale, somo lenye majaribio ya maabara litafanyikaje, na ada yote ni kiasi gani. Kuna familia imesomesha miaka mitatu ndipo ikagundua kituo cha karibu hakipokei wa nje kwa masomo ya sayansi.

Mezani pakoje

Wanaodhani kusomesha nyumbani ni kuhamishia ubao na kengele sebuleni huchoka mapema. Kwa watoto wadogo, saa mbili hadi tatu za kazi ya kweli zinatosha, kwa sababu hakuna kusubiriana. Hesabu tunaifanya kwanza, akili ikiwa bado haijachoka. Kusoma kwa sauti kunafuata, kisha kuandika, na mchana unabaki wa sayansi, michezo na kazi za nyumbani.

Mwanangu wa miaka minane aliwahi kukwama kwenye kutoa: 502 toa 178. Sifuri ya katikati ilimvuruga. Tulikata karatasi tukatengeneza noti za mia, za kumi na za moja, nikampa mia tano na mbili, nikamwambia anilipe mia moja na sabini na nane. Noti za kumi hakuwa nazo hata moja. Akaja kwangu "benki" kuvunja mia moja akapata kumi kumi, akavunja na kumi moja akapata moja moja, akalipa, akahesabu zilizobaki: 324. Tulirudia wiki nzima kwa namba nyingine, mpaka siku moja akaandika jibu bila kugusa karatasi. Faida kubwa ya elimu ya nyumbani ni hiyo: ruhusa ya kukaa kwenye jambo moja hadi liingie. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hana ruhusa hiyo, hata awe hodari vipi.

Faida hiyo haihitaji sheria ya Texas. Mama wa Morogoro mwenye nusu saa baada ya chakula cha jioni anaweza kuipata. Mwaka 2020, shule za Tanzania zilipofungwa kuanzia Machi hadi Juni kwa sababu ya korona, masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni. Katika ukoo wetu, waliosonga mbele ni wale waliokuwa na mtu mzima wa kukaa pembeni yao na kuuliza, "Umeelewa nini?"

Tuazimane

Sisi wa huku tuna maktaba za umma ambako kadi ni bure na mtoto anaondoka na vitabu mkononi. Tuna pia vikundi vya familia ambamo mzazi muuguzi anafundisha biolojia na mhandisi anafundisha fizikia, mara moja kwa wiki. Tunachokosa ni watu wa kila siku. Wengi wetu tunafanya kazi za zamu, na anayerudi saa moja asubuhi kutoka zamu ya kutunza wazee hawezi kufundisha sarufi saa tatu. Kama hakuna mtu mzima mwenye asubuhi iliyo wazi, usianze.

Huko nyumbani Tanzania watu wapo. Babu mwalimu mstaafu, shangazi anayejua hesabu za duka, fundi cherehani wa jirani, ustadhi wa madrasa. Waombeni kwa siku na saa maalumu. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bure mtandaoni, na vipindi vya Ubongo Kids vinafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Sisi wa ughaibuni tuvitumie pia, tukipe Kiswahili kipindi chake kwenye ratiba kama hesabu. Mtoto anayekisikia jikoni tu hujifunza kukielewa, asijue kukiandika.

Mzazi mwenzangu, chukua karatasi leo uandike mambo matatu: nani atatoa cheti, nani atakaa mezani na mtoto asubuhi, na fedha ya mitihani itatoka wapi. Ukiwa na majibu yote matatu na sheria ya mahali ulipo inakuruhusu, anza bila woga. Likikosekana hata moja, mwache mtoto shuleni na umpe ile nusu saa ya jioni. Hiyo anaihitaji kila mtoto, popote anaposoma.