Ng'ombe wa mjomba na shahada ya fizikia



Jumapili mbili zilizopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa kikundi chenu alitungoja kwenye ngazi za kanisa akiwa na karatasi mkononi. Anasoma fizikia mjini Bukavu na amemaliza mwaka wa kwanza. Karatasi ile ilikuwa ombi la mkopo katika MUSO ya mtaa wao, na chini yake palikuwa na mstari mtupu wa mdhamini. «Mwalimu,» alisema, «mama amekwisha kutia sahihi. Imebaki ya kwenu.» Tulimwomba atuachie karatasi hiyo kwa juma moja. Alikubali, lakini uso wake ulibadilika, nasi tulielewa sababu: mwalimu wa fizikia anayesita kumdhamini mwanafunzi wa fizikia anatia shaka katika kazi yake mwenyewe.

Jioni ile tulikaa na kalamu. Kijana ana deni la dola 600 tayari. Kwa miaka miwili iliyobaki ya lisansi atahitaji, kwa hesabu yake mwenyewe, dola 700 kila mwaka: ada, chumba, chakula, nakala za masomo. Jumla ni dola 2,000. Riba ni asilimia 3 kwa mwezi, yaani dola 60 kila mwezi, kabla hajapunguza hata dola moja ya deni lenyewe. Sasa tuseme amehitimu na amepata darasa katika shule ya sekondari, akilipwa kwa mchango wa wazazi tu huku akingoja namba ya matrikule na mshahara wa Serikali. Tuseme anapata dola 80. Atabaki na 20, na kungoja huko kunaweza kuchukua miaka. Sisi tunawajua walimu walioanza kupata mvi wakingoja.

Kwa upande mwingine yupo rafiki yake, waliyemaliza naye sekondari, ambaye sasa anaendesha pikipiki ya tajiri mmoja. Akishampa mwenye chombo fedha yake ya siku, hubaki na dola nne au tano. Wiki nzuri anamnunulia mama yake unga na mafuta. Wazazi wengi wanawatazama vijana hawa wawili na kuona nani anayeleta kitu nyumbani, na hatuwezi kuwaambia kwamba macho yao yanadanganya. Tunaongeza hili tu: pikipiki si yake, mgongo ni wake, na akifika miaka thelathini fedha ya siku itakuwa ile ile.

Wapo pia wanaosema kwamba fizikia si somo la nchi yetu. Hao tunawakumbusha kwamba kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika kiliwashwa mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, mjini Kinshasa, wakati huo Léopoldville, na kwamba rekta wa chuo hicho alikuwa padri na mwanafizikia, Monsinyori Luc Gillon. Tunapenda kusimulia habari hiyo darasani. Haijapunguza deni la mwanafunzi yeyote.

Sisi tuliingia chuo cha ualimu mwaka 1990, tukiwa na umri wa miaka ishirini. Baba aliuza ng'ombe mmoja, na ng'ombe wa pili alimkopa kwa mjomba wetu, kaka wa mama. Mwaka 1992 alikopa pia fedha taslimu kwa mfanyabiashara mmoja wa sokoni. Kisha fedha ya Zaire ikayeyuka. Mwezi wa Oktoba 1993 zilipotolewa noti mpya, zaire mpya moja ilikuwa sawa na zaire milioni tatu za zamani. Deni la mfanyabiashara, lililokuwa limenunua miezi mingi ya masomo yetu, sasa halikutosha kununua mkate. Jirani walimpongeza baba. Yeye alinyamaza, akangoja mavuno, akapeleka kwa yule mtu magunia mawili ya maharage, na nusu ya gunia la tatu mwaka uliofuata. Mama hakufurahi, nyumbani kulikuwa na njaa. Hata leo hatujui kama tungekuwa na moyo ule.

Ng'ombe wa mjomba lakini hakuyeyuka. Ng'ombe hubaki ng'ombe. Tulihitimu mwaka 1996, vita ikaja mwaka huo huo, na tulifundisha miaka minne kwa mchango wa wazazi, mara nyingine kwa ndoo ya mihogo. Kilichotulisha katika siku zile kilikuwa kutengeneza redio za majirani, kazi ambayo, tuseme kweli, haihitaji miaka mitano ya chuo. Mjomba hakututumia mjumbe hata mara moja. Alifariki mwaka 2001, na mtamba tulimpelekea mjane wake mwaka 2003. Kama mjomba angedai riba ya kila mwezi, tungeiacha chaki kabla ya mwaka wa kwanza kuisha.

Basi tuliporudi kwenye ile karatasi tuliona kwamba swali la kijana halikuwa fizikia. Fedha ya MUSO imetengenezwa kwa ajili ya mama anayenunua bunda la nguo leo na kulimaliza mwezi ujao. Anaikopa, inazaa, anairudisha. Shahada haizai kwa miezi mitatu. Anayeigharimia kwa fedha ya namna hiyo atalazimika kukopa huku ili alipe kule.

Kuna jambo jingine, nalo tunaliandika kwa aibu. Baba alikuwa na daftari la madeni: ng'ombe, fedha, maharage, tarehe. Dada yetu hamo. Aliacha shule ya msingi mwaka tulipoingia chuo, akauza mchele kando ya barabara, na sabuni yetu ya miaka mitano ilitoka katika mchele huo. Sasa ni bibi wa wajukuu sita, na ujumbe wa simu husomewa na mjukuu. Tulimlipa nini?

Kijana aliporudi, tulimweleza kwamba hatutatia sahihi. Alikasirika. Mama yake, aliyekuja naye, alitazama sakafu. Tulimwahidi dola 300 zetu, bila riba, za kurudishwa atakapokuwa na mshahara, nusu ya lile deni la kwanza. Na tulimwomba awafundishe hesabu na fizikia jioni wanafunzi wa mwaka wa sita wanaojiandaa kwa Mtihani wa Serikali, katika ukumbi wa parokia, kwa malipo ya wazazi. Masomo yake yanaweza kwenda polepole zaidi, hilo hatukumficha. Kisha tulimuuliza habari za mdogo wake wa kike. Alikaa kimya muda mrefu. Hayuko shuleni tangu mwezi wa pili, alisema, ada yake ndiyo iliyolipa chumba.

Padri Paroko ametoa ukumbi. Wanafunzi watatu wanaanza Jumatatu, na malipo ya mwezi wa kwanza mama amekwisha kuyatengea yule msichana. Ubao bado tunautafuta.