Mlinzi Wako Analala Wapi Usiku wa Masika?

Mvua ya masika inapoyapiga mabati ya Mwanza usiku wa manane, mwenye nyumba hujifunika gubigubi, kisha hutega sikio asikie kama mbwa anabweka. Akibweka, moyo hutulia, kwani mlinzi yu macho. Ni wachache mno wanaokwenda hatua moja mbele na kujiuliza swali ambalo napenda tulitafakari pamoja Jumapili ya leo: mlinzi huyo anayetuwezesha sisi kulala, yeye analala wapi?

Najua wapo watakaocheka. Watasema kwamba nyumba ya mbwa yenye kuta mbili na sakafu ya mbao ni anasa ya nchi za theluji, na kwamba hapa kwetu wapo binadamu wanaovujiwa na mapaa. Hoja hiyo si ya kubezwa. Lakini sizungumzii anasa. Nazungumzia kazi ya siku moja kwa msumeno, nyundo na misumari, pamoja na vifaa ambavyo huku kandokando ya ziwa aghalabu huokotwa, au hupatikana kwa bei isiyomshinda mtu wa kawaida.

BARIDI YA MAJI

Mwanza haina theluji. Hata hivyo ziwa letu liko yapata meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mgeni atokaye Dar es Salaam huitambua tofauti hiyo usiku wa kwanza. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, alfajiri hupoa hadi kiasi cha digrii 15 au 16. Kwa mbwa mwenye afya na aliye mkavu, ubaridi huo si wa kumdhuru. Adui yake ni ubaridi uliofungamana na maji na upepo.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Manyoya huhifadhi joto kwa kuishika hewa baina ya nywele. Yakilowa, hewa hutoka, na maji huanza kulinyonya joto la mwili. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya digrii 38 na 39, nayo hulazimika kulindwa usiku kucha kwa nguvu ya chakula alichokula. Mbwa wetu wa kienyeji ana manyoya mafupi, na mara nyingi chakula chake ni makombo ya ugali na vichwa vya samaki. Akilowa kila usiku wa Machi, Aprili na Mei, hudhoofu, na mbwa aliyedhoofu halindi kitu.

Mambo ni mazito zaidi kwa ndugu zetu wa Makete, ambako uwanda wa Kitulo ulio kwenye meta 2,600 hivi hupata sakitu nyakati za baridi. Ukienda mbali zaidi, Alaska au Norwei, utakuta mbwa wavutao sileji wakilala nje kwenye visanduku vidogo vya mbao vilivyojazwa majani makavu. Hakuna anayewakokea moto humo. Siri ya visanduku hivyo ni ukavu, udogo na hewa iliyotulia. Mambo hayo matatu yanawezekana Nyegezi, Igoma au Kirumba sawasawa na huko kwenye theluji.

‘NDANI YA NINI?’

Mtaani kwetu, kwenye kilima cha mawe kinacholitazama ziwa, yupo mzee mmoja aliyefanya kazi melini hadi alipostaafu. Siku moja nilimkuta akimfunga mbwa wake jike kwa mnyororo chini ya mpera. Nilimwamkia, kisha nikathubutu kumwuliza kama mbwa hajengewi kibanda kabla ya masika.

“Marahaba, mwanangu,” alinijibu. “Mbwa kaumbwa na koti lake. Sisi tumelala sitahani kwenye mvua miaka mingi, mbona hatukufa?”

Heshima ya umri ilinizuia kubishana naye.

Mwezi wa Aprili mbwa yule alizaa. Mzee alikuwa amemfungulia mnyororo, naye akachagua upenyo ulio kati ya majabali mawili, mahali palipokuwa pakavu kama jiko wakati wa kiangazi. Ila wakazi wa vilima vya Mwanza wanajua kwamba penyo za mawe ndizo njia za maji. Usiku wa nne mvua kubwa ilinyesha. Kulipopambazuka tulimkuta mama amesimama ndani ya maji, kitoto kimoja kikining’inia kinywani mwake. Kingine kilikuwa hai juu ya jiwe. Vinne vilikuwa vimekufa.

Mjukuu wa mzee, mtoto wa miaka saba, alimwuliza babu yake kwa nini mama yao hakuwapeleka ndani.

“Ndani ya nini?” mzee alijibu, kisha akanyamaza.

Saa nne asubuhi alikuja kwangu kuazima msumeno.

Yafaa msomaji ufahamu kwamba kitoto cha mbwa, katika majuma mawili ya kwanza ya maisha yake, hakiwezi kulitunza joto la mwili wake chenyewe. Hata kutetemeka kama tunavyotetemeka sisi hakijui bado. Joto lake lote hutoka kwa mama na kwa wenzake. Mahali palipolowa, hata mama mwenye mapenzi makubwa hawezi kuvitosheleza vyote.

TULIVYOJENGA

Kwanza tulimpima mbwa. Watu wengi hudhani kwamba nyumba kubwa ni wema. La, sivyo. Kibanda hupashwa joto na mwili wa mbwa mwenyewe, na kikiwa kikubwa mno joto hilo hupotea. Mbwa wa kienyeji mwenye kimo cha sentimeta 50 begani hutoshwa na chumba cha urefu wa sentimeta 90, upana wa 60 na kimo cha 70. Aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Jike atakayezaa apewe nafasi zaidi ubavuni. Mlango uwe wa kimo cha sentimeta 40 na upana wa 30, nao uwekwe pembeni badala ya katikati, ili mbwa apate kona ya kujibanza mbali na upepo.

Sakafu tuliiinua sentimeta 15 juu ya ardhi, ikakaa juu ya mawe manne. Hiyo ndiyo sehemu isiyopaswa kuonewa ubahili, kwani unyevu wa ardhi humpanda mbwa hata mvua ikiwa imekwisha.

Kuta tulizifanya mbili, za mabanzi, zikiachana kwa sentimeta tano. Nafasi hiyo tuliijaza mafunjo makavu yaliyokatwa ufukoni. Vunja shina la funjo ulitazame: ndani mna moyo mweupe, mwepesi kama sponji, uliojaa hewa. Hewa iliyofungwa namna hiyo huzuia joto lisitoke na baridi isiingie. Asiye na mafunjo atumie maganda makavu ya mpunga, yale yanayorundikana nje ya mashine za kukoboa. Wapo watumiao vipande vya yale maboksi meupe, mepesi, ya kusafirishia minofu ya sangara. Hayo nayo huzuia baridi vizuri, mradi yafunikwe kabisa kwa mbao pande zote, kwani mbwa akiyatafuna na kuyameza yaweza kumziba utumbo.

Paa lilikuwa la bati, lenye mteremko kuelekea nyuma na ukingo uliotokeza juu ya mlango. Chini ya bati tuliweka dari ya mbao na kuacha upenyo wa hewa kati yake. Bila dari, kibanda kinachomfaa mbwa usiku humgeukia tanuri saa nane mchana, na mbwa atakihama. Bati likipakwa rangi nyeupe litapunguza ukali wa jua. Tulilitia bawaba, ili lifunuke wakati wa kusafisha.

Mahali pa kukiweka panahitaji busara. Jabali huota jua mchana na kulirudisha joto jioni, kwa hiyo kuwa jirani nalo kuna faida, lakini kaa mbali na njia ya maji, tena chimba mfereji upande wa juu wa mlima. Upepo wa mchana hutoka ziwani, na wa usiku hutoka nchi kavu kwenda ziwani, ila vilima na majabali huugeuza katika kila uwanja. Funga kitambaa kwenye kijiti, ukitazame asubuhi na jioni kwa siku chache, kisha elekeza mlango kule upepo usikotoka.

MALAZI NA USAFI

Usimtandikie mbwa gunia wala blanketi kuukuu. Vitu hivyo hunywa maji na kukaa navyo. Tandika majani makavu ya mpunga kwa wingi, naye atajichimbia kiota. Wakati wa mvua yabadilishe kila juma. Pia ziba nyufa za mbao na upake chokaa, kwa sababu kupe wa kahawia wa mbwa hupenda kutaga na kujificha humo.

Liko jambo jingine linaloigusa familia nzima. Mbwa mwenye makao hukaa nyumbani, hujulikana ni wa nani, na huwa rahisi kumpeleka kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo dalili zake zikishajitokeza, karibu kila mara huishia kwenye kifo. Mtu aking’atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Na kwa wasomaji ambao dini yao inawataka wajitenge na mate ya mbwa, kibanda cha uani chawafaa zaidi, kwa maana mnyama hupata stahili yake na nyumba hubaki na utaratibu wake.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inamtaka mwenye mnyama aulinde ustawi wake. Lakini nadhani kabla ya sheria iko haki nyepesi zaidi: anayekesha kwa ajili yako hastahili kukesha majini.

Wahenga walisema, mbwa hafi maji akiona ufuko. Ndugu msomaji, jioni ya leo toka uani kabla jua halijatua, uuangalie ua wako kwa macho ya mbwa wako. Je, upo ufuko anaouona?