Miguu Mikubwa ya Probox

Ukitaka kujua nani ameshika pesa Masara, angalia miguu ya gari lake. Dhahabu ikitoka vizuri, kuna anayeezeka nyumba upya, kuna anayenunua ng'ombe, na kuna anayevua Probox tairi zake nyembamba na kuivisha rimu kubwa zinazong'aa. Binamu yangu ni wa kundi la tatu. Probox yake ndiyo inalipa mkopo, na ndiyo inampeleka mama yangu Migori mjini siku ya soko. Kwa hiyo aliponionyesha picha ya tairi anazotaka, sikuona urembo peke yake.

Chuo niliacha, lakini hesabu ya duara haikuniacha. Tairi iliyozoeleka kwa Probox za karibuni ni 155/80R14: upana milimita 155, ukuta wa tairi asilimia 80 ya upana huo, rimu inchi 14. Ukijumlisha, kipenyo ni kama milimita 604. Alizotaka yeye ni 195/65R15, kipenyo karibu 635. Tofauti ni asilimia 5.

"Sasa asilimia tano ni nini, omera?"

Ni hivi. Mita ya spidi huhesabu mizunguko; haijui umebadilisha viatu. Ikisoma 80, ambayo ndiyo mwisho wa sheria kwa magari ya abiria Kenya, wewe uko 84. Injini nayo inakuwa kama ya baiskeli iliyowekwa gia nzito: ukipanda mlima na mzigo unarudisha gia mapema, na mafuta yanaenda. Breki ni zile zile, lakini gurudumu limekuwa kubwa na kwa kawaida zito zaidi, kwa hiyo lazima ukanyage zaidi ili gari lisimame. Halafu abiria wakijaa hadi buti, springi zikishuka, tairi inaanza kukwaruza madigadi.

Upana una faida yake, tusidanganyane. Kwenye lami kavu tairi pana inashika kona vizuri, na kwenye mchanga haizami haraka. Lakini sisi barabara zetu tunazijua. Maji yakituama, tairi pana huelea mapema kuliko nyembamba. Kwenye utelezi, nyembamba hukata tope hadi ipate ardhi ngumu. Pana inateleza juu juu.

Fundi akaleta njia ya katikati: 185/60R15. Rimu kubwa, ukuta mfupi, kipenyo kile kile karibu kabisa. Mita haitadanganya. Binamu akatabasamu, mpaka tukasoma namba ndogo inayofuata saizi. Kwenye tairi zake za zamani, zile za kubebea mizigo, ni 88, yaani kilo 560 kwa kila tairi. Kwenye hizi mpya ilikuwa 84, kilo 500. Kilo 60 zimepotea kila kona ya gari, na ukuta mfupi maana yake kila shimo linagonga rimu moja kwa moja.

Gari la kuuza sura linaweza kuishi na hiyo hesabu. Gari la kubeba watu na magunia haliwezi, maana anayelipa tofauti ameketi nyuma na hakuulizwa.

Alinunua 155 mpya nne, na chenji ikatosha vifuniko vya rimu vya rangi ya fedha. Vijana wa stendi bado wanamcheka. Mama anasema gari limependeza.