Dole Gumba la Faili

Hapa Mpanda wapo wakulima ambao hawapandishi robota la tumbaku kwenye mizani kabla ya kuinama na kuitazama lakiri ya Wakala wa Vipimo. Ni kidonge cha madini ya risasi kilichobanwa kwenye waya, madini yaleyale yaliyoifanya reli ya mkoloni ikate pori kutoka Kaliua hadi kwetu. Lakiri haimzuii mtu kuichezea mizani. Mwenye koleo anaikata mara moja. Kazi yake ni kwamba ikiguswa, ijulikane.

Nilipoanza kusomea usalama wa kompyuta kwenye shahada ya uzamili, cheksamu niliielewa kwa njia hiyo. Unaipa programu faili, liwe refu kama Biblia au fupi kama meseji, nayo inapiga hesabu juu ya kila biti na kukupa mfuatano wa herufi na tarakimu. Ukitumia SHA-256, mfuatano huo una alama 64, hata faili liwe na ukubwa gani. Badili nukta moja ndani ya faili, rudia hesabu, utapata mfuatano mwingine kabisa. Kwa hiyo siku seva ikiwa safi unaandika orodha ya cheksamu za programu zote zilizosakinishwa, na kila usiku unalinganisha. Mwaka 1992, Gene Kim na Gene Spafford wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitoa Tripwire, programu ya kufanya kazi hiyohiyo, na zana nyingi za leo zimefuata nyayo zake.

Likizo moja nilipata kibarua katika ofisi inayotunza hesabu za wakulima wa tumbaku. Ndani ya seva yao mlikuwa na uzito wa kila robota, bei yake, na makato ya mbolea iliyokopwa. Niliandaa orodha, nikaiweka kwenye flashi, na flashi nikaifungia nyumbani kwa mama, kwenye kabati la vyombo. Watu walicheka. Lakini anayeweza kubadili programu ndani ya seva anaweza kuibadili na orodha iliyomo humohumo. Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, wakawaelekeza watu kupakua nakala yenye mlango wa uani. Cheksamu iliyoandikwa kwenye tovuti ileile ingemsaidia nini mtu, ilhali tovuti yenyewe ndiyo iliyovamiwa?

Wiki za mwanzo kengele zililia bure. Mara ni masasisho ya Debian yaliyobadili mafaili mengi kwa mkupuo; mara umeme umekatika faili likiwa linaandikwa. Mji huu uliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, giza tunalijua. Na zana inayopiga kelele kila siku ina hatari yake: siku ya kweli hakuna atakayegeuka. Nikanunua daftari. Kila sasisho niliandika tarehe, saa, nani amelifanya na kwa nini, kisha nikatengeneza orodha mpya.

Asubuhi moja katikati ya masoko, faili moja tu lilikuwa tofauti. Ni lile linalokokotoa makato. Daftarini hapakuwa na neno. Umeme haukuwa umekatika. Nikalitoa faili la zamani kwenye nakala ya akiba, nikayapanga mawili sambamba. Tofauti ilikuwa mstari mmoja: bei ya mfuko wa mbolea imepanda.

"Mfumo si unafanya kazi?" aliniuliza mkubwa wangu. "Sasa tatizo liko wapi?"

Na kweli ulikuwa unafanya kazi. Malipo yalikuwa yanatoka, yamejumlishwa bila kasoro, kwa bei ambayo haikuwahi kufikishwa kwenye kikao chochote cha wakulima.

Siku hiyo alikuwepo mzee mmoja wa kamati ya chama cha msingi, amekuja kufuatilia malipo. Nilimwamkia, nikamweleza kwa mfano wa lakiri. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo binti yangu, mashine inasema ni nani?"

"Haisemi ni nani, mzee. Inasema tu kwamba faili limebadilishwa."

"Na inasema ni wizi?"

"Hapana. Pengine bei imepanda kweli, mtu akasahau kuwaambia."

Akatafakari kidogo. "Aliyesahau kutuambia na aliyetuibia, sisi tunakatwa sawasawa."

Chuoni tunafundishwa kumwogopa mvamizi wa mbali, asiye na uso, anayetafuta tundu usiku. Faili lile huenda lilibadilishwa na mtu mwenye nywila halali, mchana, akinywa chai. Cheksamu haimjali ni nani wala haipimi nia yake. Ndiyo maana ilimfaa yule mzee: ilimpa jambo moja lisilobishaniwa, naye akalibeba hadi kwenye kikao.

Baada ya kikao, bei ya zamani ilirudishwa na malipo yakakokotolewa upya. Aliyebadili hakutajwa. Ila kamati ilitoa sharti moja: cheksamu ya faili la makato ikae pia kwao, kwenye kitabu cha mihtasari, siyo ofisini peke yake. Nikaisoma kwa sauti, alama moja baada ya nyingine, zote 64, katibu akiandika. Kisha tukairudia kutoka mwanzo ili kuhakiki. Chini yake wajumbe walitia saini, na wasioandika waliweka dole gumba.

Tangu siku hiyo, anayetaka kubadili bei ya mbolea ndani ya seva anakwenda kwanza kuomba kitabu kile kifunguliwe.